Kutoka Kijitonyama hadi Endasak: Mwaka wa Chuo cha Ustawi wa Jamii na Kazi Inayowangoja Wahitimu Wake

Mwaka 2023 ilitimia miaka 50 tangu kupitishwa kwa Sheria Na. 26 ya mwaka 1973, sheria iliyoanzisha chuo cha taifa cha kufundisha wataalamu wa ustawi wa jamii nchini. Chuo hicho, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2002 kinajulikana kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kina makao yake Kijitonyama, jijini Dar es Salaam. Taasisi yoyote inapofikisha umri huo hupimwa kwa majengo yake, kozi zake na idadi ya wahitimu wake. Safari hii kipimo kilitokea mbali na Kijitonyama, na hakuna aliyekipanga: alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara.

Mvua kubwa iliyonyesha usiku wa kuamkia siku hiyo ililoanisha sehemu ya mlima ambayo miamba yake ilikuwa imedhoofika. Sehemu hiyo ikameguka na kuporomosha tope, mawe na magogo hadi kwenye makazi ya watu katika maeneo ya Gendabi, Jorodom, Ganana na mji mdogo wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang. Watu 89 walipoteza maisha. Taarifa ya Serikali iliyotolewa siku chache baadaye na Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, ilieleza kuwa kaya 1,150 zenye watu wapatao 5,600 ziliathirika na ekari 750 za mashamba ziliharibiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake na kufika Hanang tarehe 7 Desemba.

Kazi ya vyombo vya uokoaji katika siku hizo ilionekana na kila mtu. Askari wa Jeshi la Wananchi walichimba tope, magari ya kubebea wagonjwa yalipishana barabarani, misaada ya chakula na magodoro iliwasili kutoka mikoa mbalimbali. Kazi nyingine haikuonekana kwa urahisi. Miongoni mwa watumishi waliopelekwa Hanang walikuwamo maafisa ustawi wa jamii, ambao jukumu lao lilikuwa kutoa msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa waathirika waliohifadhiwa katika kambi za muda, zilizofunguliwa kwenye majengo ya shule. Wananchi wengi waliofuatilia taarifa hizo walisikia maneno hayo bila kuelezwa yana maana gani, na pengine wengine walidhani ni namna nzuri ya kusema kuwapa pole wafiwa.

Ni zaidi ya kuwapa pole. Mtaalamu wa ustawi wa jamii anapofika kwenye kambi ya maafa hutakiwa kwanza kujua nani yupo na nani hayupo. Huorodhesha watoto wasio na mtu mzima wa kuwaangalia, wazee walioachwa peke yao, watu wenye ulemavu waliopoteza fimbo, kiti mwendo au mtu aliyekuwa akiwasaidia, na wajawazito. Mtoto aliyetenganishwa na wazazi hakabidhiwi kwa mtu wa kwanza anayejitokeza kusema ni ndugu yake, hata kama mtoto anamfahamu mtu huyo. Uhusiano unathibitishwa kupitia majirani, viongozi wa kitongoji na kumbukumbu za shule au zahanati, kisha makabidhiano huandikwa. Hatua hii huwakera ndugu wenye nia njema, lakini inazuia madhara ambayo yameonekana katika maafa mengi duniani, ambako watoto waliokolewa na maji wakaangukia mikononi mwa wasafirishaji wa binadamu.

Baada ya hapo ndipo huja unasihi. Manusura halazimishwi kusimulia alichokiona. Husikilizwa akitaka kusema, huachwa akitaka kunyamaza, na huangaliwa dalili zinazoonyesha kuwa huzuni yake imevuka mipaka ya kawaida: kutolala kwa siku nyingi, kukataa chakula, kushtuka kila mvua inapoanza, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza tena. Mwenye dalili nzito huelekezwa kwa daktari. Wengine hupona taratibu wakirudishiwa mambo ya kila siku, kama vile mtoto kurudi darasani, mama kupika chakula chake mwenyewe, mzee kupata mahali pa kukaa na wenzake. Kwa sababu hiyo suala la makazi mapya nalo ni suala la ustawi wa jamii. Serikali na wadau walijenga zaidi ya nyumba 100 katika eneo la Waret kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi, na nyumba hizo zilikabidhiwa Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya maporomoko. Katika mwaka huo wote mashauri ya familia hizo yaliendelea kuwa wazi.

Inafaa kueleza mtaalamu wa namna hiyo anavyoandaliwa, kwa kuwa mwaka wa chuo cha ustawi wa jamii haufanani sana na mwaka wa vyuo vingine. Taasisi ya Ustawi wa Jamii hutoa mafunzo kuanzia ngazi ya cheti, stashahada, shahada hadi shahada ya uzamili. Mbali na fani ya ustawi wa jamii yenyewe, hufundisha pia usimamizi wa rasilimali watu na mahusiano kazini, fani ambazo ziliingia chuoni kwa hoja kwamba kiwanda na ofisi navyo ni mahali ambapo watu hugombana, huumia na huhitaji msuluhishi. Taasisi ina kampasi nyingine Kisangara, wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro, inayojulikana zaidi kwa mafunzo ya malezi ya watoto wadogo.

Nusu ya kwanza ya mwaka wa masomo hutumika darasani. Mwanafunzi husoma saikolojia ya ukuaji wa binadamu, sheria zinazohusu mtoto na familia, sera za jamii, mbinu za kufanya kazi na mtu mmoja, na kikundi, na jamii nzima, pamoja na maadili ya taaluma, ambayo msingi wake ni usiri na kutomhukumu anayeomba msaada. Mwezi Machi huwa na shughuli ya kipekee, kwani Jumanne ya tatu ya mwezi huo ni Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, na huadhimishwa hapa nchini kwa makongamano na huduma kwa wananchi. Mwaka 2024 ujumbe wa siku hiyo ulihusu kuishi vizuri kwa kushirikiana na mazingira, wazo lililotoka kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini. Kwa Hanang, iliyokuwa ndiyo kwanza imezika watu wake kwa sababu ya mlima kumeguka, ujumbe huo haukuhitaji maelezo marefu.

Sehemu ya mwaka inayomfanya mwanafunzi kuwa mtaalamu ni mafunzo kwa vitendo. Hupelekwa kwenye halmashauri, hospitali, mahabusu za watoto, makao ya watoto, makazi ya wazee na mashirika yasiyo ya kiserikali. Huko hukaa chini ya msimamizi, hupewa mashauri halisi, huandika kila siku alichofanya na sababu ya kukifanya, na mhadhiri wake humfuata kumkagua. Darasani mwanafunzi anaweza kupata alama za juu kwa kueleza hatua za kushughulikia shauri: kupokea, kutathmini, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga. Kwenye ofisi ya halmashauri hugundua kwamba hatua hizo haziji kwa mpangilio, kwamba mlalamikaji wa Jumatatu huja Alhamisi kufuta malalamiko, na kwamba gari la kumfikia mtoto aliyeripotiwa kuteswa huenda lipo kwenye kampeni ya chanjo.

Miongoni mwa mafanikio ya Taasisi yanayostahili kutajwa ni mpango wa mafunzo kwa wahudumu wa ustawi wa jamii ngazi ya jamii, ulioanza katika muongo wa 2000 kwa ushirikiano na Chuo cha Jane Addams cha Chicago, Marekani. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi vijijini, na ilikuwa dhahiri kwamba maafisa wenye shahada hawangetosha. Kwa hiyo walichaguliwa watu wanaoishi katika vijiji vyenyewe, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kutambua mtoto aliye hatarini, kuzungumza na familia yake na kumuunganisha na huduma, kisha wakarudi kwao kuendelea na kazi chini ya usimamizi. Mpango huo ulibadili fikra kwamba ustawi wa jamii ni huduma ya mjini inayotolewa kutoka nyuma ya meza.

Sasa turudi Manyara. Kata ya Endasak ipo Wilaya ya Hanang, kwenye barabara itokayo Babati kwenda Katesh. Wilaya hii ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 360,000 katika Sensa ya mwaka 2022. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, na Wadatoga wa kundi la Wabarabaig, ambao ufugaji ndio maisha yao. Wapo pia Wanyaturu, Wanyiramba na wengine waliofuata mashamba ya ngano ya Basotu na biashara ya Katesh. Lugha za makundi hayo makubwa mawili hazina udugu: Kiiraqw ni cha jamii ya lugha za Kikushi na Kidatoga ni cha Kiniloti. Mhitimu aliyesoma nadharia zake zote kwa Kiingereza, akatokea pwani, anapofika hapa hukutana na bibi ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili na anayezungumza mambo ya moyoni kwa Kidatoga tu. Atahitaji mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi ni jirani au ndugu wa bibi. Usiri uliofundishwa Kijitonyama unaanza kuyumba hapo hapo.

Mila nazo zina uzito wake. Miongoni mwa Wairaqw ilikuwapo desturi, ambayo watafiti wa utamaduni wameieleza kwa kirefu, ya kumtenga kwa muda mtu au kaya iliyofikwa na jambo linaloaminika kuleta unajisi, kwa mfano kifo cha mtoto au msichana kupata mimba kabla ya kuolewa. Aliyetengwa hakuchangamana na wengine, hakula nao wala kuchota maji pamoja nao hadi muda upite au utakaso ufanyike. Msichana mwenye mimba hakuruhusiwa kujifungulia nyumbani kwa wazazi wake. Desturi hiyo imelegea sana kwa nguvu ya dini, shule na mabadiliko ya maisha, lakini kivuli chake kinaweza kuonekana pale binti anapofukuzwa nyumbani na baba anayesema kwa dhati kabisa kwamba anailinda familia.

Afisa ustawi wa jamii anayeingia kwenye boma hilo na kuanza kwa kutaja vifungu vya sheria atasikilizwa kwa heshima na kupuuzwa akishaondoka. Afisa mwenye uzoefu hutafuta kwanza wazee, hutafuta shangazi au mjomba atakayempokea binti, na huuliza juu ya shule mapema, kabla binti mwenyewe hajakata tamaa. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Ruhusa hiyo ipo kwenye waraka. Kuitumia kunahitaji mtu wa kumpeleka binti shuleni, kuzungumza na mwalimu mkuu, na kuhakikisha kuna atakayebaki na mtoto mchana. Hapo ndipo kazi ya taaluma hii ilipo hasa, na haionekani kwenye takwimu yoyote.

Takwimu zinazoonekana ni za jambo jingine. Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake wa Manyara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango kilichokuwa kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 43, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Kupungua huko ni hatua kubwa. Hata hivyo takwimu hizo zinawahesabu pamoja wanawake waliokeketwa miaka 30 iliyopita na wa jana, hivyo hazitoshi kueleza kinachowapata wasichana wa leo. Sheria ya Kanuni za Adhabu, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, inamtia hatiani anayemkeketa au kusababisha kukeketwa kwa msichana wa chini ya miaka 18, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili. Tatizo la utekelezaji ni kwamba shahidi mkuu ni mtoto, na washtakiwa ni watu anaowapenda. Bila mtu wa kumwandaa mtoto huyo kabla ya mahakama na kumpa pa kulala baada yake, kesi hufa.

Mahakamani kwenyewe afisa ustawi wa jamii hana nafasi ya mtazamaji. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inataka awepo shauri linapoendeshwa katika Mahakama ya Watoto, na taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii humsaidia hakimu kujua mtoto anayedaiwa kuvunja sheria anatoka katika familia ya namna gani, anasoma au hasomi, na kama kuna mtu mzima anayeweza kumsimamia badala ya kupelekwa mahabusu. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibishwa kwa jinai. Aliye na umri wa kuanzia miaka 10 lakini hajafika 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichokitenda hakikupaswa kutendwa. Mtoto wa Hanang akinyimwa dhamana, mahabusu ya watoto iliyo jirani ni ya Arusha. Kwa mzazi wa Endasak, umbali huo unamaanisha nauli ambayo huenda hana, na unamaanisha mtoto asiyetembelewa.

Mashauri mengi zaidi hayafiki huko. Yanayojaza daftari la ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri yoyote ni matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa mahakamani na mzazi, mlezi, ndugu, mtoto mwenyewe kupitia rafiki yake, au afisa ustawi wa jamii. Baba akikana kuwa mtoto si wake, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini si kwa mtu kujipeleka mwenyewe na kulipia kama anavyopima malaria. Ombi hupitia kwa wanaotajwa na Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, wakiwemo mahakama, mawakili na maafisa ustawi wa jamii. Sababu ya utaratibu huo ni kwamba jibu la maabara linaweza kumwacha mtoto bila baba kwa karatasi moja, na sheria ikaona ni vyema awepo mtu wa kuuliza kabla ya kipimo: jibu likija, mtoto atakuwa wapi?

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Wapo wanaouchukulia utaratibu huu kama mhuri wa kupitia njiani. Maafisa hufundishwa kuuchukulia vingine, lakini hufundishwa pia kwamba usuluhishi si dawa ya kipigo. Mwanamke aliyejeruhiwa huelekezwa kwanza hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, na mazungumzo ya kupatana husubiri.

Familia zinazotaka kuchukua watoto waliopoteza wazazi, jambo ambalo wananchi wengi waliuliza baada ya maporomoko ya Hanang, zina njia mbili. Ya kwanza ni malezi ya kambo, ambapo familia hulea mtoto kwa muda chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii bila kufuta uhusiano wake na ukoo wake. Ya pili ni kuasili, ambako hutolewa kwa amri ya mahakama na humfanya mtoto kuwa wa familia mpya kisheria, pamoja na haki ya kurithi. Anayeomba kuasili mtoto asiye ndugu yake anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 25 na kumzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na mtoto awe amekaa chini ya uangalizi wake kwa miezi 3 mfululizo kabla ya amri. Mtoto anayelelewa na bibi au shangazi kwa utaratibu wa ukoo hahitaji yote hayo, ingawa ofisi ikijulishwa inaweza kufuatilia haki zake, hasa shamba na mifugo aliyoacha baba.

Wazee nao wamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Asiyejiweza hutambuliwa kupitia serikali ya kijiji ili apatiwe matibabu bila malipo, na asiye na ndugu kabisa anaweza kupelekwa kwenye makazi ya Serikali. Kwa Mkoa wa Manyara makazi hayo yapo Magugu, wilayani Babati. Wataalamu hulitazama suluhisho hilo kama la mwisho. Mzee wa Kibarabaig aliyezoea ng'ombe na upepo wa nyanda za Hanang hupoteza mengi anapopewa kitanda kwenye bweni, hata kama ni kisafi.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowasumbua wananchi na unaofaa kuondolewa. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii ni watu wawili tofauti. Wa pili hushughulika zaidi na vikundi, uhamasishaji na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wa kwanza hushughulika na mtu au familia yenye shida mahususi. Wote wapo chini ya sera za Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Wizara ya Afya Januari 2022, na wote hufanya kazi katika halmashauri zilizo chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Vyuo vyao vinatofautiana pia. Kwa maendeleo ya jamii, mojawapo ya taasisi ni ile ya Tengeru, mkoani Arusha.

Katika kata nyingi ambazo hazina afisa ustawi wa jamii wake, kazi hiyo hubebwa na mtendaji wa kata, mwalimu, muuguzi au afisa maendeleo ya jamii, pamoja na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoanzishwa chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto kuanzia mwaka 2017/18. Uhaba wa maafisa hautokani na kukosekana kwa wahitimu. Kila mwaka vyuo hutunuku vyeti, stashahada na shahada, na wapo wahitimu wanaosubiri ajira wakati mashauri yanasubiri maafisa. Nafasi za ajira hutegemea vibali na bajeti, na katika mgawanyo wa bajeti mwalimu na mganga hutangulia, kwa sababu darasa lisilo na mwalimu huonekana na kila mpita njia. Familia isiyo na wa kuisikiliza haionekani hivyo.

Kwa mkazi wa Endasak mwenye shida inayohusu mtoto, ndoa, mzee au mtu mwenye ulemavu, pa kuanzia ni ofisi ya kijiji au ya mtendaji wa kata, ambayo huandika barua ya utambulisho na kumwelekeza kwenye Idara ya Ustawi wa Jamii ya Halmashauri ya Wilaya ya Hanang, Katesh. Aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, cheti cha ndoa kama kipo, na majina ya mashahidi wawili au watatu wanaoifahamu familia. Kukosa cheti si sababu ya kukataliwa kusikilizwa. Anayefahamu kuwa mtoto anateswa, hata kama si wake, anawajibika kisheria kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Na akihofia kujulikana, namba ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bila malipo.